Msiulime Uwanja, Mwakio

Mwanangu Mwakio, iko Jumamosi moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka kichwani, na tangu uliponipigia simu juzi imekuwa ikinirudia kila nikikaa kitako. Asubuhi hiyo tulipanda kwenye uwanja wa Chawia, vijana kumi, kila mmoja na jembe begani, na hatukuwa tunaenda kumlimia mtu shamba. Tulikuwa tunaenda kuulima uwanja wenyewe. Tulitaka kung'oa nyasi zote, tupige matuta, tupande viazi, ili raga isichezwe tena pale maishani. Na aliyewatia wenzake wazo hilo kichwani nilikuwa mimi, huyu mjomba wako unayemwita mpole.

Nitafika huko. Kwanza niyarudie uliyoniambia, nijue kama nilikusikia vizuri, maana mtandao ulikuwa unakatika na mama yako alikuwa anapiga kelele jikoni nikupe salamu zake.

Ulisema hivi. Katika mji wenu huko kusini mwa Ufaransa, mji wa mashamba ya zabibu, klabu yenu inacheza raga ya watu kumi na watatu. Asubuhi unapogoa mizabibu, jioni unafanya mazoezi, mwisho wa wiki unacheza, na mnachopewa hakitoshi mtu kujiita mchezaji wa kulipwa. Wa kulipwa hasa wako kwenye ile ligi kubwa yenye makao yake Uingereza, na klabu za Kifaransa zilizoruhusiwa kuingia humo ni chache mno. Klabu yenu imeiota nafasi hiyo tangu kabla hujafika. Sasa nafasi imepatikana, na imekwenda kwa jirani zenu, mji wa pili kutoka kwenu. Wao ndio watakaocheza na wakubwa. Tena wamekuja wakachukua wachezaji wenu watatu walio bora, na wewe hawakukuchukua.

Ijumaa mna mkutano. Wenzako wengi wanataka klabu ivunjwe: mjitoe kwenye ligi ya nyumbani, mfunge milango, na uwanja mwachie halmashauri ya mji iufanye itakavyo. Nawe ukaniambia, kwa sauti ambayo sikuipenda hata kidogo, "Mjomba, mimi napiga kura tuvunje, halafu nafunga virago nakuja Voi. Hii game huku haina future. Wamechukua wao, imeisha."

Kwenye simu sikukujibu. Nilikwambia uniache nifikiri, ukadhani nimezeeka na sijaelewa. Nilielewa sana. Nilinyamaza kwa sababu uliyoyasema niliwahi kuyasema mimi, karibu neno kwa neno, ila mimi nilikuwa na jembe mkononi na wewe una kura.

Sasa sikiliza. Raga ilifika Chawia na mwalimu wa kujitolea aliyekuja na mipira miwili na filimbi. Yeye alitaka watu kumi na watano. Lakini Chawia, ukishatoa wanaochunga ng'ombe, wanaoimba kwaya Jumamosi na wale waliokatazwa na mama zao, wanabaki kumi na watatu. Basi tukacheza kumi na watatu, na kila timu tuliyoikaribisha ikapunguza watu wawili kwa heshima yetu. Wewe ndiye uliyekuja kuniambia, nikiwa na mvi tayari, kwamba kumbe wenzetu walio mbali wametengeneza mchezo mzima wa idadi hiyo, wenye sheria zake, na ukikabwa mara sita unawaachia wapinzani mpira. Nilicheka mpaka nikakohoa. Sisi miaka yote tulidhani ni upungufu tu.

Uwanja ulikuwa wa Shangazi Wakesho, dada mkubwa wa baba yangu. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye macho yasiyopepesa. Kipande kile cha ardhi kilikuwa malisho yake, akakitoa kwa vijana bila masharti, isipokuwa tusimkanyagie maharagwe. Chawia mahali pa tambarare hapapatikani, unajua mwenyewe. Kona ya chini iliinama vibaya, na mpira ukipigwa upande huo ulikuwa unashuka moja kwa moja mpaka kwenye migomba. Milingoti tulichonga ya mkaratusi. Shangazi alikuwa akija kutazama na ungo wake wa maharagwe, na mpaka anaingia kaburini hakuwahi kuuita mchezo ule raga. Yeye aliuita mchezo wa kukumbatiana.

Tulikuwa tunacheza na Voi, na Mraru, na Bomeni kule karibu na Taveta. Timu nne, basi. Tukipigwa tunashuka mlima kwa miguu tunalaumiana, tukishinda tunashuka tunaimba. Nilikuwa mzuri, mwanangu. Sijisifu ovyo, muulize mama yako. Mwenzangu wa karibu alikuwa Mghanga, rika langu, jirani yangu, tuliyekula naye sahani moja. Yeye alikuwa na mbio na mimi nilikuwa na kifua.

Ndipo zikaja habari kutoka Mombasa kwamba mashindano makubwa ya Pwani yatachukua timu moja kutoka Taita Taveta. Moja tu. Wakaichagua Voi. Wana uwanja tambarare, wana reli, wana mahali pa kulaza wageni. Sababu zilikuwa nyingi na zote za kweli, na hakuna hata moja iliyotuingia masikioni. Jumapili moja baada ya ibada mwalimu wa timu ya Voi akapanda Chawia na lori kuchagua wachezaji wa kujaza timu yake. Mimi nilikuwa nimeshapanga nguo zangu. Nilikuwa nimeagana mpaka na ng'ombe.

Akaita watu watatu. Mghanga alikuwa wa kwanza. Mimi sikuitwa. Mghanga alipopanda lori alinitazama kama anayetaka kusema kitu, nikageuza uso nikajifanya nafunga viatu. Viatu vyenyewe vilikuwa vya kanisani, havina kamba.

Wiki ile sikulala vizuri. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiwaambia waliobaki, "Wametunyonya, wametutupa. Tuwaonyeshe. Uwanja ukiwa viazi, tuone watachukua nani mwaka ujao. Voi na wacheze na ndovu wa Tsavo!" Watu walicheka, na mtu akicheka kwa hasira ni rahisi kumwongoza. Tulijua Shangazi hatakataa. Nani atakataa kulimiwa shamba lake bure?

Basi tukafika Jumamosi ile, ukungu bado haujaondoka msituni, tukamkuta ameketi katikati ya uwanja. Katikati kabisa, kwenye kigoda, ungo mapajani, anabambua maharagwe. Pembeni yake kibuyu cha maji. Hatukujua nani alimpelekea habari.

Tukamwamkia. Akaitikia vizuri, akauliza habari za kila nyumba, mmoja mmoja, sisi tumesimama na majembe yetu tunaanza kuona haya. Mwishowe akasema, "Nasikia mnataka kunilimia."

"Ndiyo, Shangazi," nikasema.

"Vizuri. Ardhi ni yangu, na viazi napenda. Lakini hamtalima mkiwa na hasira. Mnajua desturi. Tutatasa kwanza."

Wewe, mwanangu, umezaliwa mjini, pengine kutasa umesikia kwa mbali tu. Kwa Wataita wa zamani mtu hakuingia kwenye jambo zito akiwa na kinyongo moyoni. Hasira iliyofichwa ilihesabiwa kuwa mbaya kuliko ya wazi, kwa kuwa inaweza kumdhuru mtu, au mtoto, au mifugo, bila hata mwenyewe kukusudia. Basi mtu alichukua maji au maji ya miwa mdomoni, akayapuliza nje, akasema kinachomkera na kwamba anakitoa, kisha akawaombea heri wale aliowakasirikia. Wakati wetu sisi tulikuwa vijana wa kanisa, tulishajifunza kuona hayo mambo ni ya kizamani. Tukatazamana. Lakini hakuna aliyethubutu kumwambia Shangazi Wakesho kitu chake ni cha kizamani.

Kibuyu kikazunguka. Wenzangu wakapuliza, mmoja akasema amekasirika kwa ajili ya kaka yake aliyechukuliwa, mwingine akasema hajui amekasirika nini, amefuata tu wenzake, watu wakacheka. Kikanifikia mimi. Nikanywa funda, nikapuliza mbali, mpaka wenzangu wakaruka pembeni, nikasema kwa sauti ya mtu anayesoma somo madhabahuni, "Natoa hasira yote, nawasamehe watu wa Voi, Mungu awabariki." Nikampa mwenzangu kibuyu, nikainua jembe.

Shangazi hakuinua kichwa. Aliendelea kubambua. Akasema, "Rudia."

"Shangazi, nimeshapuliza."

"Umepuliza maji. Hasira umeimeza. Rudia."

Nikapuliza tena, nikasema maneno yale yale, labda kwa sauti ya juu zaidi. Akasema, "Rudia."  Nilimwona kama mzee anayenionea mbele ya watu, nikakibwaga kibuyu kwenye nyasi na maneno yakanitoka yenyewe. "Sawa! Nimekasirika kwa sababu Mghanga ameitwa na mimi nimeachwa! Mimi namzidi nguvu! Kila mtu hapa anajua! Kwa nini yeye?"

Na hapo, mwanangu, nikalia. Mbele ya vijana tisa wenye majembe. Kifua hiki nilichokuwa najivunia kilikuwa kinatikisika kwa kilio.

Shangazi akaweka ungo chini. Akasema taratibu, "Haya. Sasa tumesikia. Umekasirika na Mghanga kwa kuitwa, na yule mwenye lori kwa kutokukuita. Sasa niambie, uwanja ulikukosea nini?"

Jembe likaniponyoka, likaanguka kwenye nyasi. 

Akaendelea, na sauti yake ilikuwa kali sasa. "Mimi mchezo wenu siujui. Naona tu mnakumbatiana na kuanguka. Lakini Mghanga akiumia mguu huko, Voi watamtafuta mwingine wapi? Kwenye viazi? Na akishindwa akarudi nyumbani, atachezea wapi? Wewe umeachwa wewe. Hawa wadogo zako bado hawajaachwa na mtu, wao unawaachisha wewe." Kisha akaniinamia, akaniokotea jembe langu, akanipa mkononi. "Ukitaka kulima, lima. Sitakuzuia. Lakini ulime ukijua unachofanya."

Nilisimama na jembe lile muda mrefu. Wenzangu walikuwa wananingoja mimi, maana ndiye niliyewaita. Nilikuwa na aibu, na aibu ukiwa kijana inauma kama jeraha. Kitu kilichoniokoa ni ile kona ya chini. Niliitazama, nikasema, kwa sauti ya kukwaruza, "Kwa kuwa majembe tunayo, tuisawazishe ile kona. Mpira umechoka kwenda kwenye migomba." Mtu mmoja akaanza kucheka, tukateremka wote. Tulichimba mpaka jua la utosi. Shangazi alituletea kimanga cha mihogo na maharagwe, tukakila kwa mikono ya udongo.

Kisha tukatuma ujumbe Voi. Hatukubembeleza. Tulisema: mmechukua watu wetu watatu, sawa, lakini kila mwezi mpande Chawia mcheze nasi, na Mghanga akija atufundishe anayojifunza huko. Wakakubali haraka, tukashangaa. Kumbe wao nao walikuwa na shida: siku ambazo hakuna mechi Mombasa, hawakuwa na wa kucheza naye. Mghanga alipanda mara ya kwanza akiwa ananiogopa. Nilimkaba mchezoni mpaka akaomba maji, halafu tukala sahani moja.

Sikufichi, mimi sikuitwa kamwe. Misimu ilipita, nikaendelea kucheza Chawia mpaka goti likakataa. Iliniuma, na usije ukamwamini mzee anayekwambia mambo kama hayo hayaumi. Lakini Mombasa walipoona kwamba nyuma ya Voi kuna timu nyingine zinazocheza kweli, walifungua mlango wa pili, na Bomeni wakaingia. Wangetazama huku wakaona Voi peke yake na viazi, wangesema Taita Taveta ni timu moja yenye bahati, na bahati ikiisha basi.

Na wewe, mwanangu, ulishika mpira wa raga mara ya kwanza wapi? Si Voi. Mama yako alikuleta Chawia likizo ya shule, mtoto mnene, mwenye kulialia ukungu ukishuka. Ulikimbia na mpira ukaangukia ile kona ya chini, ukacheka, ukataka tena. Kabla ya Nairobi, kabla ya yule mzungu aliyekuona ukicheza akakuita Ufaransa, kulikuwa na kona ile. Nilikuwa nimesimama pembeni siku hiyo, na nilipata baridi ambayo haikuwa ya ukungu. Nilifikiria jinsi nilivyobakiza kidogo tu nipande viazi juu ya bahati yako.

Kwa hiyo ninapokusikia unasema raga ya huko haina mbele, naona unaitazama kutoka mahali pale nilipokuwa nimesimama mimi. Hebu tuitazame tukiwa tumepuliza maji. Jana klabu za Kifaransa zilizo na wachezaji wa kulipwa zilikuwa chache. Leo imeongezeka moja, tena iko karibu nanyi kiasi cha kwenda na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Mtoto wa mji wenu aliyekuwa anaona ligi kubwa kwenye televisheni tu, sasa ataiona akiwa amesimama uwanjani na baba yake. Jirani zenu watahitaji watu wengi kuliko walio nao, kwa sababu ligi ngumu inavunja mifupa. Watahitaji mahali pa kuwapeleka vijana wao wakomae. Na wenye ligi kule Uingereza siku wakifikiria kuongeza Mfaransa mwingine, watauliza: huko nyuma kuna nini? Jibu la swali hilo mnalipigia kura Ijumaa.

Siahidi kitu. Wenye ligi ni watu, na watu hubadili nia. Safari ya kwenda kucheza Uingereza kila mara ni gharama, na umeniambia mwenyewe kwamba vijana wengi wa huko wanavutwa na ile raga ya watu kumi na watano yenye jina kubwa. Inawezekana zamu ya klabu yenu isifike ukiwa bado na magoti. Lakini moja imeingia, na nyingine imefuata, na mimi niliyeona Bomeni wakipanda lori kwenda Mombasa siwezi kukubali kwamba mlango uliofunguliwa mara mbili umefungwa milele. Mimi nina matumaini, mwanangu, tena makubwa. Mama yako anasema ni ukaidi.

Sasa nasaha zangu ni hizi. Ijumaa usiingie mkutanoni na kura mfukoni. Waombe kwanza kila mtu aseme kinachomuuma, wazi, bila maneno ya madhabahuni. Na uanze wewe. Sema mbele yao, "Mimi nimekasirika kwa sababu hawakunichukua." Utaona haya, lakini utaona pia wangapi watashusha pumzi. Baada ya hapo ndipo mzungumzie klabu, kwa sababu kabla ya hapo mtakuwa mnazungumzia vidonda vyenu tu. Kisha muwaendee majirani mkiwa mmesimama wima: mmechukua watatu wetu, basi njooni mcheze kwetu kabla ya msimu kuanza, mtuletee mwalimu wa watoto, na mchezaji wenu anayekosa nafasi mtuazime sisi. Watakubali. Wao nao wanahitaji wa kucheza naye.

Na kuhusu Voi, nyumba ni yako, na mama yako atachinja kuku hata ukija usiku wa leo. Lakini ukirudi, urudi kwa sababu umetukumbuka. Ukirudi kwa kununa, utaitembeza hasira hiyo kwenye barabara za Voi mpaka uzeeke, na hakuna Shangazi Wakesho tena wa kukwambia urudie.

Nakuombea sasa, nikiwa nimesimama, na goti hili linavyolia. Mungu wa baba zetu akulinde mabega na shingo. Akupe ulimi mwepesi Ijumaa na moyo mwepesi Jumamosi. Hao watatu waliokwenda wafanikiwe, na wewe uliyebaki ubaki kwa furaha. Na mtoto ambaye bado hajazaliwa katika mji huo wa zabibu, siku atakapotaka kukimbia na mpira kwa mara ya kwanza, akute uwanja wenu bado una nyasi.